Kioo Mbele ya Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumekitundika. Mafundi wawili, ngazi ndefu, na mimi chini nikipiga kelele za "kushoto kidogo, kushoto tena!" Sasa ubao wetu umekaa kwenye ukuta wa jengo la kufulia, ukitazamana na madirisha ya wodi ya wazazi. Una ukubwa wa mlango na umejaa vigae vidogo vya shaba, safu kwa safu. Wauguzi wameshaubatiza: kioo. Hawajakosea. Kioo cha kawaida huakisi mwanga. Hiki huakisi mawimbi ya simu.

Profesa wetu wa chuoni ametuagiza tuweke kumbukumbu za msimu huu wote wa mvua. Yeye anataka vipimo, na vipimo nitampa. Haya mengine ni yangu.

Wodi iko bondeni, nyuma ya jengo kuu la hospitali. Jengo lile la zege na chuma limejisimamisha kati ya wodi na mnara wa simu kama mtu mnene mlangoni. Mawimbi hayapiti, na kampuni ya simu ilishasema mnara wa pili haijengi. Mama mjamzito anafungwa mkanda wa kupima mapigo ya moyo wa mtoto, lakini mapigo hayo hayamfikii daktari bingwa aliye hospitali kubwa ng'ambo ya mto. Ndiyo maana tuko hapa.

Mkunga mkuu wa wodi ni dada yangu, tumbo moja. Alikuja kukitazama kioo, mikono kiunoni.

"Ndiyo hiki?"

"Ndiyo hiki, Dada."

"Hakina hata taa."

"Hakihitaji taa."

"Mh," akasema, akarudi kazini. Mimi nikabaki nakitazama mpaka shingo ikauma. Kizuri, jamani.

Alhamisi, 6 Machi

Saa ya chai Dada kanishika mbele ya wauguzi wenzake. "Hebu tueleze kwa lugha ya watu. Kazi yako hasa ni ipi? Kioo wametengeneza wengine, mikanda wametengeneza wengine."

Nikamwambia awaze kwaya. Kila kigae ni mwimbaji. Wimbi linatoka mnarani, linagonga kila kigae, na kila kigae kinalirusha wodini. Waimbaji wakianza kila mtu kwa wakati wake, ni kelele tu. Wakipatana, wimbo unasikika hata nyuma ya zege. Kila kigae tunaweza kukiamuru kilicheleweshe wimbi lake kidogo, ili yote yafike kwenye mkanda wa mama kwa pamoja.

"Kumbe wewe ni mwalimu wa kwaya!" akasema muuguzi mmoja.

"Mwalimu wa kwaya anawasikia waimbaji wake. Mimi siwasikii. Kioo kile ni kiziwi, kinarusha tu. Kazi yangu ni kukadiria njia: wimbi likitoka mnarani, likapita kigae hiki, likaingia mkanda ule, linafika katika hali gani? Nikijua hilo kwa kila kigae, najua nani aanze lini. Nisipojua, tumetundika pambo."

"Na pambo lenyewe baya," akasema Dada. Wakacheka, na mimi nikacheka.

Jumapili, 9 Machi

Joto. Mawingu yanakuja na kuondoka bila hata kuaga.

Jumatano, 12 Machi

Aibu. Muuguzi amevaa mkanda akasimama kando ya kitanda: safi kabisa. Akatembea hatua chache kuelekea dirishani: kimya. Akasimama: safi. Akatembea: kimya.

Sababu naijua. Ili kukadiria njia tunatuma ishara fupi, sisi tunaiita swali. Tunauliza kwa kigae kimoja, kisha kinachofuata, mpaka tuvimalize vyote. Tukifika kigae cha mwisho, mama ameshahama, na majibu ya kigae cha kwanza yameshachacha. Muda mwingi unakwisha tukiuliza njia, na muda wa kuipita haupo.

"Mwenye uchungu halali kama gunia," Dada akaniambia. "Mimi mwenyewe ndiye ninayewaambia watembee ukumbini. Sasa kitu chako kinataka wagande?"

Aliyejibu ni mwenzangu wa maabara, ambaye chuo kizima kinamwita Ngoja-Kwanza, kwa sababu hawezi kuacha sentensi ya mtu ipite bila maneno hayo. "Ngoja kwanza, Sista," akasema, akavua miwani akaifuta kwa shati. "Hilo tulilijua tangu maabara."

Tulilijua! Mbele ya dada yangu! Nasema kweli, mtu huyu simpendi. Ukimwambia leo Jumatano, atakwambia ngoja kwanza.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Sijafanya la maana.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepata! Nimepata, nimepata!

Nilikuwa nimekaa ukumbini nikiwaangalia wajawazito wakipita, mmoja huku, mwingine kule, na nikageukia dirisha. Mnara uko palepale. Kioo kiko palepale. Wanaohama ni akina mama tu.

Safari ya wimbi ina vipande viwili: kutoka mnarani hadi kwenye kioo, na kutoka kwenye kioo hadi kwenye mkanda. Kipande cha kwanza ni kimoja kwa akina mama wote! Sisi tulikuwa tunakiuliza upya kwa kila mmoja, kama mtu anayeuliza barabara ileile kwa kila abiria. Basi tumuulize mama mmoja maswali yote, na katika majibu yake tuchambue kile ambacho ni cha wote. Wa pili na wa tatu watahitaji maswali machache tu, na hayo tunaweza kuyarudia kila wanapopiga hatua.

Nilikimbilia maabara. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mdomoni, kisha akaandika ubaoni mwenyewe, na mwandiko wake ulipoanza kwenda mbio nikajua nimempata.

"Ngoja kwanza," akasema yule mtu. "Nani kakwambia kioo hakihami?"

"Kimefungwa kwa bolti ukutani."

"Bolti, sawa. Upepo je?"

"Basi labda na hospitali nayo itahama," nikasema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Akafuta miwani. Profesa hakucheka, ila alisema, "Jaribuni."

Penye nia pana njia, wanasema. Mimi leo nimeziona njia zenyewe.

Ijumaa, 28 Machi

Wauguzi watatu wamevaa mikanda, wametembea ukumbi mzima, wamegeuka kwenye kona ya mwisho, wamerudi. Haikukatika hata mara moja. Daktari bingwa alikuwa kwenye simu kutoka ng'ambo ya mto, na sauti yake ilijaza chumba.

"Nawaona wote watatu! Mapigo mazuri, ingawa nasikitika kuwaarifu kuwa hakuna mjamzito kati yenu. Na mmoja apunguze kahawa."

Dada alinishika bega akalibana, halafu akaenda kuosha mikono. Mwenye kumjua dada yangu anajua hiyo ni hotuba.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemsimulia Mama mwanzo hadi mwisho, na kwenye kicheko cha maabara nikaongeza chumvi. Akasikiliza, kisha akasema, "Mgema akisifiwa…"

"Malizia, Mama."

"Unaijua mwenyewe."

Ijumaa, 4 Aprili

Mikanda imeanza kuvaliwa na akina mama wenyewe. Daktari anawatazama kutoka kwake. Natembea pale wodini kama mwenye nyumba.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mchana mbingu zilifunguka. Si mvua ya kunyesha, ni mvua ya kupiga, na upepo ulioinua mashuka yaliyosahaulika kwenye kamba za kufulia. Mle ndani akina mama watatu walikuwa na mikanda. Nilikuwa nimekaa na kompyuta yangu karibu na mlango, na kwa kweli nilikuwa nikijisifu moyoni, nikisema mvua kubwa hivi na bado tunapeleka mapigo.

Mara mapigo yote matatu yakakatika. Si mmoja baada ya mwingine. Wote kwa pamoja, kama mtu aliyezima taa.

Nilianzisha upya mtambo. Ukarudi, ukakatika. Nikaanzisha tena. Simu ya mezani ya wodi ikalia, Daktari akiuliza kulikoni. Na wakati huohuo mama wa kitanda cha dirishani alianza kulalamika, na Dada alikuwa amegeukia kwingine, kwa sababu siku hizi anajua kuna jicho lingine linamtazamia. Muuguzi alipomwita alikuja mbio, akachukua kile kifaa chao cha kusikilizia kwa sikio, akainama tumboni mwa yule mama, akafumba macho. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilimwona akihangaika kusikia.

Mtoto alikuwa salama. Nasema hilo mapema kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua kwa muda ulionitoa jasho.

Mvua ilipopungua Dada alinivuta hadi chumba cha dawa, akafunga mlango. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Sikiliza, mdogo wangu. Nimefanya kazi hii miaka yote kwa masikio yangu. Kitu kisipokuwepo, najua hakipo, nakaa macho. Lakini usiniletee kitu kinachonidanganya kwamba kipo. Umenielewa? Hicho ndicho kinachoua."

"Nimekuelewa, Dada."

"Haya. Kapanguse uso."

Ijumaa, 11 Aprili

Mganga mkuu wa hospitali ameagiza mikanda ivuliwe. Tumepewa mpaka mwisho wa mvua hizi kurekebisha, la sivyo kioo kinateremshwa. Profesa hakunilaumu, ingekuwa afadhali anilaumu.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo niliingia maabara nikiwa nimejiandaa kupokea "nilikwambia". Ngoja-Kwanza alikuwa peke yake. Aliniona, akavuta kiti cha pili karibu na chake, akakipangusa vumbi kwa mkono. "Nilikwambia" sikuisikia, na sidhani kama ilimjia hata kichwani.

"Nilipanda ngazi jana," akasema. "Bolti ni nzima. Lakini ukuta wenyewe umelowa, na upepo ukija kioo kinaitikia kama mtu anayekubali jambo kwa kichwa. Kidogo tu, unene wa ukucha."

Unene wa ukucha! Lakini mawimbi yetu ni mafupi, na unene wa ukucha unatosha kabisa kuwachanganya waimbaji wote. Kile kipande cha kwanza cha safari, nilichoapa hakibadiliki, kilikuwa kimebadilika, na mimi niliendelea kutumia majibu ya zamani.

"Basi turudi kuuliza kila kitu kila mara," nikasema. Nilikuwa karibu kulia. "Turudi kule kule kwa akina mama kuganda."

"Ngoja kwanza." Kwa mara ya kwanza niliyasikia maneno yale bila kukunja uso. "Siku ile ilikatikaje? Mmoja mmoja?"

"Hapana. Wote."

"Wote kwa mara moja?"

"Wote kwa…"

Tukatazamana. Sijui nani alianza kusema, ila tulikuwa tunasema pamoja, tukikatizana. Mama mmoja akihama, anaharibikiwa yeye peke yake, kwa sababu kipande cha pili ni chake. Kioo kikihama, wanaharibikiwa wote kwa pamoja, kwa sababu kipande cha kwanza ni cha wote. Mtambo wenyewe unaweza kujua! Akiharibikiwa mmoja, muulize yeye maswali yake machache. Wakiharibikiwa wote, acha kila kitu, kaulize upya njia ya kioo, kisha endelea. Hatuulizi kila mara, wala hatuachi kuuliza. Tunauliza panapouma.

"Na wakati tunauliza upya," akasema, akifuta miwani, "king'ora kilie wodini. Dada yako ajue kwamba kwa muda huo anategemea masikio yake."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Yeye alikuwa hajaambiwa maneno ya chumba cha dawa, na bado aliyafikia. Nilimwangalia mtu huyu niliyemfanya achekwe na chumba kizima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kupinga kwake si husuda. Hutangulia tu kukanyaga pale ambapo wewe ungeanguka.

Alhamisi, 17 Aprili

Tunaandika programu. Tunabishana. Tunaandika.

Jumanne, 22 Aprili

Jua limetoka siku tunayotaka dhoruba! Basi tumejitengenezea yetu. Ngoja-Kwanza kafunga kamba kwenye kona ya kioo, akasimama chini akiivuta kama mpiga kengele, na wafuaji wakatoka nje kumtazama.

"We baba, kimekukosea nini?" mmoja akauliza.

Alivuta. Mikanda yote, iliyovaliwa na wauguzi watatu, ikapoteza njia, king'ora kikalia wodini, mtambo ukauliza upya, na kabla hajapumua vizuri njia ikarudi. Akavuta tena. Ikarudi. Akavuta mpaka kamba ikamchubua kiganja, na kila mara ikarudi. Wafuaji walianza kumpigia makofi bila kujua wanashangilia nini. Mimi nilijua.

Jumatatu, 28 Aprili

Dada ameruhusu mikanda irudi kwa majaribio. "King'ora kikilia mara moja kikachelewa kunyamaza," akasema, "navua mwenyewe." Sawa, Dada.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. King'ora kimelia, kimenyamaza.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Kimelia, kimenyamaza. Wauguzi hawashtuki tena, wanasimama tu kusikiliza na kuangalia vitandani, kisha wanaendelea.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua ya mawe. Kimelia, kimenyamaza.

Alhamisi, 15 Mei

Mto umefurika tangu alfajiri na daraja limefungwa. Daktari bingwa yuko ng'ambo, hawezi kuja hata kwa miujiza. Wodi imejaa. Mchana upepo uliamka kama siku ile ya Aprili, mbaya zaidi. Dada alikuwa nyuma ya pazia akimzalisha mama mmoja, na muuguzi msaidizi yuko naye. Mwingine yuko stoo. Ukumbini, kule kwenye kona ya mwisho ambako hakuna anayeona, alikuwepo msichana wa uzazi wa kwanza, mpole, ambaye tangu asubuhi hakulalamika hata kidogo. Anatembea, anasimama, anashika ukuta, anatembea.

King'ora kililia. Kikanyamaza. Mapigo yakarudi kwenye kompyuta yangu, yote manne. Nikashusha pumzi.

Papo hapo simu ya mezani. Nikainyakua.

"Mama wa mkanda wa nne yuko wapi?" Daktari. Hakusalimia.

"Anatembea ukumbini."

"Mapigo ya mtoto yanashuka na hayapandi. Mwambie mkunga mkuu, sasa hivi. Alazwe kwa ubavu wa kushoto, na daktari wa zamu afungue chumba cha upasuaji."

Niliita "Dada!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alitoka nyuma ya pazia glavu zikiwa mikononi, akasikia maneno mawili tu, akamkabidhi mama aliyekuwa akimzalisha kwa msaidizi, na akapita mbele yangu akikimbia. Mimi nilidhani namjua dada yangu. Sikuwahi kumwona kazini hivi. Alimfikia yule binti pale konani, na binti akasema, "Mbona mimi sijambo, Mkunga?" na Dada akamjibu kwa utulivu, kama anayemwalika kukaa, "Najua, mwanangu. Ila mtoto anataka kulala kidogo, tumlaze." Huku mkono wake mmoja tayari unavuta kitanda cha magurudumu. Alimpima, akainua macho, akamwambia daktari wa zamu aliyekuja mbio neno moja, na milango ya upasuaji ikafunguka.

Mimi nilibaki na simu sikioni. Daktari ng'ambo, mimi huku, sote tukitazama mstari uleule. Upepo ulivuma. Nikajua kioo kinaitikia kule nje. King'ora kikalia, na nikasikia Daktari akivuta pumzi. Kikanyamaza, na mstari ukarudi.

"Upo," akasema.

"Upo, Daktari."

Walipoanza upasuaji mkanda ulivuliwa, mstari ukaisha, tukabaki kwenye simu, kila mtu na mvua yake.

Kisha mtoto akalia. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni mara mbili. Wa kike. Nilinyoosha mkono na ile simu kuelekea mlango wa upasuaji, mpaka waya ukakaza, ili Daktari naye asikie.

Dada alitoka akiwa ameloa jasho. Alikaa kwenye benchi kando yangu, akaegemeza kichwa ukutani.

"Kimya kimya vile," akasema. "Nisingemwona. Ningemaliza na yule mwingine, halafu ndiyo ningekwenda kumtazama." Akapangusa jasho. "Ningechelewa, mdogo wangu."

Nikamshika mkono. Najivunia kioo, ndiyo. Lakini leo mtu niliyemwonea fahari ni yeye.

Jumatatu, 19 Mei

Kikao cha mganga mkuu. Profesa alinisukuma mbele nieleze. Nikaeleza vipande viwili vya safari, cha wote na cha mmoja, na jinsi mtambo unavyojua ni kipi kimeharibika.

"Wazo hili ni la nani?" mganga mkuu akauliza.

Nikasema nusu ya kwanza ni yangu, na kwamba ingebaki nusu hiyo peke yake ingeua mtu. Nusu iliyookoa tuliipata wawili, na aliyeuliza swali la kwanza ni yule pale nyuma. Ngoja-Kwanza akavua miwani, lakini safari hii alifuta macho badala ya vioo, akasingizia vumbi.

Mganga mkuu akamgeukia Dada. "Mkunga, unakitaka au hukitaki?"

"Kibaki," akasema Dada. "Na cha pili kiwekwe upande wa watoto."

Jumanne, 3 Juni

Mvua zimekwisha. Nimepita wodini kuchukua nyaya zangu, maana sihitajiki tena pale, na hilo nalo ni sifa. Ukumbini kulikuwa na mama mmoja na mkanda wake, simu sikioni, anatembea na kuguna. Akanisimamisha.

"Wewe nesi?"

"Hapana, mimi ni wa mitambo."

"Si kitu. Nishike mkono, mume wangu kaenda kuniletea maji."

Nikamshika. Tukaenda pole pole, yeye akiendelea kumweleza mama yake kwenye simu kwamba mgongo unamkata, kwamba mume ana wasiwasi kuliko yeye. Tukafika kona ya mwisho, tukageuka. Uchungu ukamjia, akanibana vidole mpaka nikauma meno, ukapita. Akaagana na mama yake, akaitazama simu kwa mshangao.

"Nyumbani kwangu, mjini kabisa, napanda juu ya kiti ndipo nisikike. Huku bondeni, nyuma ya majengo yote haya, inasikika hivi! Wameweka nini hapa?"

"Si wameweka, tumeweka," nikamwambia, nikimwonyesha kioo kupitia dirishani.

Akanitazama, akacheka, akanikamata mkono vizuri zaidi, tukaanza mzunguko mwingine.